Leja ya Stoo, Igogo

Mimi nilikuwa mtunza stoo, si askari.
Hilo liandikwe kwanza, kabla ya jina langu.
Dirisha langu lilitazama ziwa kwa jicho moja
na kwa jicho la pili matrekta ya Magu, ya Kwimba, ya Ukerewe,
yamepandishwa juu ya magogo kama ng'ombe wanaosubiri sindano.

Tulikuwa tunaunda plau, za sahani tatu, za sahani nne,
na tela za kubebea pamba hadi jineri.
Fundi Lugata akishika sahani iliyolika
alisema, "Hii imelima mbuga ya Ngudu,"
na Ngudu kwenyewe hajawahi kufika.

Novemba ile barua ililetwa na mtu, haikuja kwa posta.
Meneja akaisoma amesimama. Akaisoma tena amekaa.
Kesho yake lori likaingia kinyumenyume,
limefunikwa turubai, na chini ya turubai
mnyama ambaye Usukumani wamebaki kumtaja tu:
kifaru, mguu mmoja umeteguka,
ananuka dizeli ileile ya matrekta yetu.
Hicho ndicho kilichonishtua. Dizeli ileile.

Tukapaka vioo masizi. Usiku Mwanza ilizimwa
kama kibatari kinachopulizwa na mtu mwenye haraka,
ikabaki cheche ya Lugata peke yake
nyuma ya blanketi, ikilamba chuma.
Wadudu wa ziwa waliifuata, wakaungua,
wakadondoka ndani ya uji wetu wa saa nane.
Tuliunywa.

Bamba za plau zikawa ngao.
Pini za mnyororo zilichongwa kwa ekseli za matrekta ya watu.
Mimi nilizitoa. Mimi nilitia sahihi.
Lakini leja ilichapwa wakati wa amani:
ina safu ya plau, safu ya tela, safu ya majembe ya ng'ombe,
haina safu ya kile tulichokuwa tunafanya.
Nikamuuliza meneja. Akasema, "Wewe andika."
Nikaandika: Trekta moja. Zito. Bila jembe.
Kisha: Matrekta mawili. Bila jembe.
Hadi Krismasi nilikuwa nimepeleka ng'ambo ya Kagera
matrekta kumi na moja, yakalime sijui nini.

Kila Jumatatu alikuja Nyanzobe Lushinge, katibu wa kijiji,
risiti imefungwa kwenye pindo la kanga:
trekta namba kumi na nne,
limelipiwa kwa pamba ya misimu miwili.
"Mwangaluka," kupitia dirishani.
"Mwangaluka, mama. Bado."
Hakugomba. Aliuliza tu kama mvua nayo imepewa barua.

Namba kumi na nne lilikuwa pale, nyuma ya bega langu,
analiona. Halina ekseli. Halina magurudumu ya nyuma.
Mwanawe Shija alikwishaondoka na mgambo.
"Basi huenda," akasema siku moja,
"mwanangu amepanda trekta letu, ametangulia shambani."
Akacheka.
Mimi nikaanza kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwangu.

Mwaka ule kijijini kwake walilima kwa mikono,
na pamba ikaja fupi, imetawanyika,
kama ndevu za mvulana.

Vita vilipokwisha, akaja mkaguzi wa hesabu,
kijana mpole, miwani imefungwa kwa uzi.
Akashusha kidole ukurasa mzima.
"Haya kumi na moja, ndugu, yako wapi?"
Nikamwambia mengine hayajarudi.
Nikamwambia mengine yamerudi, bila watu.
Akaweka alama nyekundu, ndogo, ya heshima.

Nyanzobe aliacha kuja. Sikuambiwa kwa nini
na sikupanda basi kwenda kuuliza.
Asubuhi moja nilikuta risiti dirishani,
imewekewa jiwe juu, upepo wa ziwa usiichukue.
Nimeibandika ndani ya leja, ukurasa wa sitini na mbili.
Safu ya mwisho inasema: Tarehe ya kukabidhiwa.
Wino umekauka mara tatu.
Nanunua mwingine.